Neno "get": namna ya kulielewa na kulitumia bila kubahatisha

Kila ninapofungua darasa jipya la jioni la Kiingereza kwa watu wazima hapa Umoja, Nairobi, swali hili huja kabla ya wiki ya kwanza kwisha: "Mwalimu, 'get' maana yake nini hasa?" Anayeuliza huenda ni mama anayeuza mboga, huenda ni kijana wa bodaboda, huenda ni dada anayefanya kazi za nyumbani Kilimani. Wote waliambiwa zamani kwamba "get" ni kupata. Kisha wakatoka nje, wakalisikia likitumika mahali ambapo hakuna mtu aliyepata kitu chochote.

Aliyenisukuma hata nikakaa chini kuandika ni mzee mmoja mlinzi. Mwajiri wake alifika usiku na gari, akateremsha kioo, akamwambia, "Can you get the gate?" Mzee akasikia "get" na "gate" yakifuatana, akadhani anaulizwa kama geti analo. Akajibu kwa heshima, "Yes, I have," akabaki amesimama. Alifokewa mbele ya watoto wa yule tajiri. Kumbe aliambiwa tu: nifungulie geti. Aliponisimulia, uchungu ulikuwa bado kooni mwake, na mimi ukaniingia. Mzee huyu hana upungufu wa akili. Alifundishwa maana moja ya neno lenye maana nyingi, akaachwa aende nayo kazini.

Basi mwongozo huu ni wako wewe uliye mahali alipokuwa mzee wangu. Kitu kimoja tu nataka ukishike, na hatua zote zinarudi hapo: "get" likiwa peke yake halikuambii kitu. Linalokuambia ni neno linalolifuata.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari, hata la kurasa 48, na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Gazeti la Kiingereza. La wiki iliyopita linatosha, maana hatusomi habari bali tunawinda neno. Ukikosa, maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya McMillan, zina vitabu vya watoto vya Kiingereza chepesi. Usione haya kuvisoma. Ndivyo ninavyoanza navyo na wazee.
- Simu yenye uwezo wa kurekodi sauti.
- Dakika 20 kila siku kwa wiki tatu. Saa tatu za Jumapili moja haziwezi kuchukua nafasi ya dakika hizo.
- Maumbo matatu ya neno lenyewe: "get" kwa sasa, "got" kwa yaliyopita, "getting" kwa jambo linaloendelea. Yaandike kwenye jalada la ndani la daftari.

Hatua ya 1: Sahihisha sauti

Usiruke hatua hii, hata kama unajiona umesoma. Kiswahili kinapenda kila silabi ifunge kwa irabu. Ndiyo maana "gate" ya Kiingereza ilipoingia kwetu ikawa "geti". Sasa mtu wetu akitaka kusema "get", ulimi unamteleza anasema "geti" vile vile, na maneno mawili yanakuwa moja.

"Get" ina e fupi. Ukifika kwenye t, ulimi uguse nyuma ya meno ya juu, kisha nyamaza. Usiweke i. "Gate" ina sauti ndefu inayoanza kwenye e na kuishia kwenye i kabla ya t, kama unavyosema "hei" ukimwita mtu. Rekodi ukisema yote mawili mara kumi, kisha mpe mtu mwingine asikilize akuambie lipi ni lipi. Akishindwa kutofautisha, rudia kesho.

Fanya hivyo hivyo kwa "got" na "goat". La kwanza ni fupi. La pili, ambalo ni mbuzi, sauti yake inaanzia o na kumalizikia u. Mtu akisema "I goat the money" ataeleweka, lakini msikilizaji atasita kidogo, na kule kusita ndiko kunakomvunja moyo anayejifunza.

Jambo moja zaidi kuhusu sauti: katika mazungumzo ya kasi, "get" hushikana na irabu inayofuata. "Get it" husikika kama neno moja, na Mmarekani akilisema, ile t inalegea karibu iwe d. Ukisikia kitu kama "gedit" kwenye filamu, ni "get it".

Hatua ya 2: Weka "pata" kando

Si kwamba "pata" ni kosa. "I got a job" ni nilipata kazi, na "I got a message" ni nilipata ujumbe. Shida ni kwamba "pata" ya kwetu nayo ina maana nyingi, na maana zake hazilingani na za "get". Ukiyafanya mapacha, utakosea pande zote mbili.

Mfano ninaousikia Nairobi kila siku, hata kwa watu wenye shahada: "I got him sleeping." Msemaji anawaza "nilimpata amelala". Kiingereza hapo kinataka "I found him sleeping." Vivyo hivyo, "sikumpata nyumbani" ni "I didn't find her at home". Kwa hiyo ile "pata" yenye maana ya kukuta, ipeleke kwa "find".

Chukua kalamu ya rangi ya pili uandike: kukuta ni "find", si "get".

Hatua ya 3: Tazama jirani wa kulia

Fungua gazeti au kitabu chako. Tafuta "get", "got" na "getting". Kila unapolikuta, pigia mstari neno linalofuata. Usitafsiri bado. Jiulize tu huyu jirani ni nani: ni kitu? Ni sifa kama "tired" au "cold"? Ni mahali? Ni mtu? Ni kile kineno kifupi kama "up", "on", "off"? Ukishamjua jirani, maana imeshajitokeza nusu.

Kusanya sentensi 15 hivi kabla ya kuendelea. Makala ya siasa hayatakupa nyingi. Jaribu kurasa za michezo, barua za wasomaji, au maneno yaliyonukuliwa kutoka vinywa vya watu, kwa sababu "get" ni neno la mdomoni.

Hatua ya 4: Jirani akiwa kitu

Hapa ndipo "pata" inapofaa mara nyingi, lakini angalia pia kineno kinachotangulia kile kitu. Linganisha hizi tatu:

"Get a phone." Nunua simu, tafuta simu uwe nayo.
"Get my phone." Niletee simu yangu.
"Get the phone." Pokea simu hiyo inayolia.

Kitu ni kimoja, kitenzi ni kimoja, na kazi ni tatu. "The" inaonyesha kitu ambacho sote wawili tunakijua na kinahitaji kushughulikiwa sasa hivi. Ndiyo maana "get the gate" ni fungua geti, na "get the door" ni nenda mlangoni, kuna mtu anabisha. Jibu lake ni fupi: "I'll get it." Mzee wangu sasa analisema hilo akiwa ameshaanza kutembea.

Na ukisikia "get the doctor", hapo hakuna kuleta kwa mikono. Ni mwite daktari.

Onyo: usiseme "get for me water". Tunaitoa kwenye "niletee", tukiamini lazima ile "-e-" ya kumfanyia mtu iwe na neno lake. Kiingereza humweka mtu katikati bila kiungo: "Get me some water." Ukitaka "for", mpeleke mtu mwisho: "Get some water for me." Na kama unamwomba mtu usiyemzoea, anza na "Could you", kwa sababu "get me" tupu ni amri.

Hatua ya 5: Jirani akiwa sifa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa Kiswahili chetu kinatusaidia sana na hatujui.

"Get" ikifuatwa na sifa ina maana ya kuingia katika hali. Kiingereza kinahitaji maneno mawili. Sisi mara nyingi tuna kitenzi kimoja kinachotosha:

get tired: choka
get angry: kasirika
get wet: lowa
get old: zeeka
get fat: nenepa
get thin: konda
get drunk: lewa
get rich: tajirika
get lost: potea
get cold, kwa chakula: poa

Huoni "pata" hata mara moja. Inarudi kwa mgonjwa tu: "I'm getting better" ni napata nafuu.

Sasa sikiliza kwa makini. Wanafunzi wengi wakitaka kusema "nimechoka" huandika "I have got tired", kwa sababu wanaiona "-me-" na wanaikumbuka "have". Lakini "nimechoka" inaeleza hali uliyo nayo sasa hivi. Kwa Kiingereza ni "I am tired." "Get" inaeleza njia ya kuelekea huko. Kwa hiyo:

"Ninachoka" ni "I'm getting tired."
"Nimechoka" ni "I am tired."
"Chai inapoa" ni "The tea is getting cold."
"Chai imepoa" ni "The tea is cold."
"Analewa" ni "He is getting drunk."
"Amelewa" ni "He is drunk."

Ukiiona "-na-" kwenye kitenzi cha namna hii, fikiria "getting". Ukiiona "-me-", fikiria "am", "is", "are". Kanuni hii ndogo imewasaidia wanafunzi wangu kuliko kurasa kumi za sarufi. Fanya zoezi lake matatuni: tazama dirishani, useme moyoni kila kinachogeuka. Giza linaingia, "It's getting dark". Foleni inakuwa mbaya, "The traffic is getting bad". Barabara ya Jogoo jioni itakupa mifano hadi ufike nyumbani.

Hatua ya 6: Jirani akiwa jambo la kutendwa

"I got paid" ni nililipwa. "He got arrested" ni alikamatwa. "She got sacked" ni alifutwa kazi. "Get" hapa inabeba ile "-wa" yetu ya mwisho wa kitenzi. Ungeweza kusema "I was paid" pia. "Got" ni ya mazungumzo, "was" inakubalika popote, pamoja na kwenye karatasi.

Kuna mitego miwili ambayo nakuomba uisome polepole.

Wa kwanza ni wizi. Sisi husema "niliibiwa simu", na mtu anaibeba vile vile: "I was stolen my phone." Wengine hukatiza, "I was stolen." Hii ya pili inamaanisha wewe mwenyewe ndiye uliyebebwa na wezi. Kwa Kiingereza kitu ndicho huwa "stolen", na mtu huwa "robbed". Sema "My phone got stolen" ukimsimulia rafiki, au "I got robbed" kama walikuvamia. Ukienda kituoni kuchukua abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba umeripoti, sema "My phone was stolen".

Wa pili ni ndoa. Kiswahili kinatofautisha: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kiingereza hakijali. "I got married" inasemwa na wote wawili. Anayetafsiri "aliolewa na mwalimu" huandika "She was married by a teacher", na Mwingereza anaelewa kwamba mwalimu ndiye aliyefungisha ndoa, kama kasisi au kadhi. Sema "She got married to a teacher." Ni "to", wala si "with" wala "by".

Hatua ya 7: Jirani akiwa mahali, na safari za matatu

Mahali pakifuata, "get" ni kufika. "What time do you get to work?" ni unafika kazini saa ngapi. "How do I get to Westlands?" ni nifikeje Westlands.

Onyo: "home", "here" na "there" havitaki "to". Ni "I got home at nine". "I got to home" ni kosa. Nimesahihisha kosa hili kwenye madaftari mengi, na dawa yake ni kulisema kwa sauti kila unapofungua mlango wako jioni: "I got home." Tena, kumbuka saa za Kiingereza: "nine" ni saa tatu yetu.

Kupanda na kushuka sasa. Chombo ambacho unaweza kusimama ndani na kutembea, kama basi au gari la moshi, ni "get on" na "get off". Kile unachoinama kuingia na kukaa papo hapo, kama teksi au gari dogo, ni "get in" na "get out of". Bodaboda, baiskeli na punda, kwa kuwa unavikalia juu, ni "get on" na "get off". Matatu ya abiria 14 iko katikati, na utasikia watu wakitumia namna zote mbili, kwa hiyo usihangaike nayo.

Ukitaka kushuka, wengi husema "I am dropping here". "Drop" ni kuangusha au kumshusha mtu mwingine, kwa hiyo dereva ndiye anayekufanyia wewe. Wewe unasema "I'm getting off at Archives." Neno "alight", tunalolipenda sana Kenya, ni sahihi ila ni la mabango na matangazo. Mgeni akilisikia kwenye mazungumzo atalielewa, ingawa yeye asingelisema.

Hatua ya 8: Mtu mwingine akikufanyia kazi

Kiswahili cha Nairobi husema "nimenyoa" hata kama mashine ilikuwa mikononi mwa kinyozi. Ukisema "I cut my hair", Mwingereza ataona wewe na kioo na mkasi. Kama ulikwenda kwa kinyozi: "I got my hair cut." Kama simu yako ilitengenezwa na fundi wa Luthuli Avenue: "I got my phone repaired." Mpangilio ni "get", kisha kitu, kisha tendo katika umbo la kutendwa, lile lile la hatua ya 6, kama "cut" na "repaired".

Ukimtaja yule mtu, mpangilio unabadilika na "to" inaingia: "I got the plumber to come today." Maana yake nilifanikiwa kumfanya fundi wa mabomba aje leo, pengine kwa kumbembeleza. Ile hali ya kusumbuka kidogo imo ndani ya "got". Usichanganye na "make", ambayo haitaki "to": "I made him come" ni nilimlazimisha.

Hatua ya 9: Ndugu watatu wanaofanana

"I've got a meeting." Nina mkutano.
"I've got to go." Lazima niende.
"I get to go." Napata kwenda, yaani fursa imenifikia.

Katika ya kwanza na ya pili, "got" haina wakati uliopita, ingawa umbo lake ni hilo. Usitafute yaliyopita hapo. Ya pili mdomoni huwa "gotta". Ile ya tatu ni zawadi kwetu, maana Kiswahili kina muundo huo huo: napata kuona, napata kusikia, napata kulala mapema. Mama mmoja darasani aliandika, "On Sunday I get to sleep." Nilifurahi mno, kwa kuwa sentensi ile ilikuwa na maisha yake yote ndani.

Hatua ya 10: Jirani akiwa kineno kifupi

Orodha hizi huwa ndefu, na ndizo huwakatisha watu tamaa. Anza na sita tu:

get up: amka, inuka
get by: jikimu, kuishi kwa kidogo ulicho nacho
get along with: elewana na mtu
get over: pona ugonjwa au huzuni
get back: rudi, au rudishiwa kitu
get rid of: ondoa, tupa

Tunga sentensi mbili kwa kila moja kuhusu maisha yako halisi. "Get by" ni neno la mji huu. Mtu akikuuliza hali ya biashara, "We are getting by" inasema kwamba hatujashiba lakini hatujalala njaa. Ukishazizoea sita hizi, ongeza nyingine moja kila wiki.

Hatua ya 11: Jua mahali pa kuliacha

"Get" ni la mazungumzo na ujumbe wa simu kwa rafiki. Kwenye barua ya kuomba kazi, ripoti, au barua kwa ofisi ya serikali, libadilishe. Kupata kitu kilichotumwa ni "receive". Kupata kwa kuomba au kwa juhudi ni "obtain". Kuwa ni "become". Kufika ni "arrive". Kuelewa ni "understand". Angalia ujumbe wa M-Pesa ulio katika Kiingereza: huandikwa "You have received", hauandikwi "You got". Walioutunga walijua kwamba habari ya fedha inataka neno lenye heshima.

Kwa hiyo usiandike "I got my certificate in 2019" kwenye barua ya kazi. Andika "I obtained my certificate in 2019".

Ukikwama

*Nimekuta "get" na sijui ni ipi.* Weka mojawapo ya maneno haya mahali pake, moja baada ya jingine: "receive", "become", "arrive", "bring", "understand". Moja likikaa vizuri, umepata maana. Yote yakikataa, tazama kama kuna kineno kifupi baada yake, kisha fungua kamusi chini ya "get" pamoja na kineno hicho.

*Mtu ameniambia "I don't get it", na sikuona kitu chochote cha kupewa.* Hakuelewa. Ndiyo ile "umenipata?" tunayoulizana mtaani. Mweleze tena. Wewe ukitaka kuhakikisha ameshika ulichosema, uliza "Did you get that?"

*"Gotten" ni sahihi au si sahihi?* Ni sahihi kwa Mmarekani. Ni umbo la zamani lililobaki Marekani, huku Waingereza wengi wakiliacha. Shule za Kenya hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo katika mtihani andika "got". Ukizungumza na Mmarekani, "gotten" haitakuletea aibu. Ila hata kwake, "I've got a car" ni ninalo gari, na "I've gotten a car" ni nimelipata juzijuzi.

*Naelewa nikisoma, lakini nikiongea nasahau yote.* Unajaribu kubeba hatua zote kwa wakati mmoja. Chagua moja kwa wiki. Kama ni ya tano, wiki nzima sema "getting" na sifa tu, na nyingine zisubiri. Na usiruhusu mtu akucheke ukiwa unajaribu. Mwombe kwa upole akusahihishe baada ya kumaliza sentensi, asikukate katikati.

*Mwajiri anaongea haraka, na naogopa kumuuliza.* Tumia "Sorry, do you want me to..." kisha taja unachodhani ametaka: "Sorry, do you want me to open the gate?" Ukikisia sawa, ataitikia. Ukikosea, atakuambia alichotaka. Hapo umeonyesha kwamba unasikiliza, na hujasimama kimya.

Zoezi la kumalizia wiki ya tatu

Funika majibu kwa mkono. Sema kwa Kiingereza, ukitumia "get" kila mara:

1. Mvua inanyesha, nguo zinalowa.
2. Nilifika nyumbani saa nne usiku.
3. Niletee daftari langu, tafadhali.
4. Dada yangu aliolewa na dereva.
5. Nilitengenezewa viatu jana.
6. Lazima niamke mapema.

Majibu: "It's raining, the clothes are getting wet." "I got home at ten at night." "Get me my notebook, please." "My sister got married to a driver." "I got my shoes repaired yesterday." "I've got to get up early." Hii ya mwisho ina "get" mbili zenye kazi mbili. Ukiweza kumweleza jirani yako kila moja inafanya nini, anza kuongeza vile vineno vifupi vya hatua ya 10.